Sentensi ya Kwanza ya Mgeni

Siku alipofika ukweni, Mgeni alikuwa na mtoto mgongoni, sanduku mkononi, na neno moja tu la Kiswahili kinywani: asante. Alilitumia mpaka likachakaa. Alimshukuru dereva aliyewashusha, akamshukuru jirani aliyewashikia geti, na mbwa wa jirani alipompisha njia, naye akashukuriwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani. Alimtazama mkaza mwana wake toka utosini mpaka vidole vya miguu. Mgeni ni mfupi na mwembamba, mtu wa kupeperushwa, na safari ya siku tatu ilikuwa imemkausha zaidi. Mama akamaliza kutazama, akamgeukia mwanawe.

"Hiki ndicho ulichotuletea?"

Mgeni akamuuliza mumewe kwa lugha ya kwao, mama anasema nini. Mume akakohoa kidogo. Akamwambia, "Anasema zawadi hii wameingoja siku nyingi."

Mgeni alilia palepale. Alikuwa ameuacha mji wa kwao, mama yake na kazi yake ya kushona sare za shule, akamfuata mwanamume aliyekuja kwao kuchomelea vyuma akakaa miaka minane. Njia nzima alikuwa akijiuliza atapokelewaje. Akasema mengi kwa machozi, mkono kifuani: kwamba mama huyu sasa ni mama yake, kwamba atamtunza uzeeni kama mtoto aliyemzaa. Mumewe akayasikiliza yote, akamgeukia mama yake, akayatafsiri kwa maneno machache sana. Mgeni akadhani Kiswahili ni lugha fupi.

Usiku ule aliilaza ile sentensi chini ya ulimi kama peremende. Hiki ndicho ulichotuletea. Hakujua neno linaanzia wapi na kuishia wapi, lakini sauti zake alizishika zote. Ndiyo sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili, na kila alipokuwa na unyonge aliisema peke yake, jikoni au bafuni, ikampa nguvu.

Mwaka wa kwanza mume ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yake. Alipotaka kujifunza, mume alimwambia lugha ngumu hii, usijisumbue, mimi nipo. Wanawake wa mtaani walikuja kumtembelea mama mkwe, wakaketi sebuleni, wakaongea na kucheka, na Mgeni akacheka wanapocheka. Mtoto ndiye aliyekimbia na lugha. Alikuwa na miaka miwili walipofika. Kufikia miaka mitatu anabishana na nyanyake utadhani wako rika moja, na nyanya akimwita mke mwenza.

Mwaka wa pili mume akapata kazi ya mabomba ya mafuta, mbali, akawa anakuja mwisho wa mwezi tu. Mgeni akabaki katika nyumba ya watu watatu, wawili wanaongea na mmoja anatabasamu.

Kila asubuhi alipotoka chumbani alimsikia mama mkwe akimuuliza mtoto, "Kimeamka?" Akidhani ni salamu, naye hujibu, "Asante, mama." Mama mkwe hugeuza uso.

Kilichomtoa ndani ni cherehani. Mtaa wa pili kulikuwa na mjane mmoja mshonaji, watu wote wakimwita Bi Cherehani. Alikuwa na chumba cha mbele chenye mashine mbili, na moja ilikuwa imekaa bure tangu msaidizi wake aolewe. Mgeni alipita pale kila siku akienda sokoni. Siku moja akaingia bila kusema neno, akaketi kwenye ile mashine ya pili, akachukua kola iliyokuwa imekatwa, akaishona. Bi Cherehani akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza ndani nje.

"Kesho uje saa mbili," akasema, na kumwonyesha vidole viwili.

Bi Cherehani alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno hawezi kukaa na bubu kutwa. Akaanza kumfundisha kwa vilivyokuwa mezani. Kitambaa hiki, vitambaa hivi. Kifungo hiki, vifungo hivi. Uzi umekatika, nyuzi zimekatika. Mteja amekuja, wateja wamekuja. Mgeni alirudia huku mguu uko kwenye pedali. Salamu zilimtesa. Ukimwambia hujambo, naye anakujibu hujambo, mnabaki mnaulizana mpaka jua linatua.

Asubuhi moja aliingia mbio, amechelewa, akataka kujieleza.

"Samahani. Nimempika mama mkwe."

Bi Cherehani akaondoa mguu kwenye mashine. "Umempika mama mkwe?"

"Ndiyo. Chai na viazi."

"Ameiva?"

Bi Cherehani alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Kisha akamweleza. Ukisema nimempika, mama mwenyewe yuko sufuriani. Ukisema nimempikia, mama yuko mezani anakula. Kijisauti kidogo tu hapo mwishoni, nacho ndicho kinachosema kazi umemfanyia nani. Kushona, kushonea. Kuleta, kuletea. Mgeni naye akacheka, kwa mara ya kwanza akijua anachokicheka.

Siku hiyo, kwa furaha ile, akataka naye aonyeshe kidogo alichokuja nacho.

"Mimi pia najua Kiswahili cha zamani," akasema. "Siku ya kwanza, mama alisema. Hiki ndicho ulichotuletea." Aliisema kwa madaha, mkono kifuani.

Bi Cherehani alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Uzi ukakosa tundu. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena.

"Uliambiwa maana yake nini?"

"Zawadi hii tumeingoja siku nyingi."

"Nani alikuambia?"

"Mume wangu."

Mjane akashona pindo zima. Kisha akasema, "Nipe mkasi."

Ilipita kama miezi miwili. Siku hiyo somo lilikuwa nguo hii, nguo hizi. Sindano hii, sindano hizi. Ili asichoke na vitu vya mezani, Bi Cherehani akaongeza vya nyumbani: nyumba hii, chai hii, zawadi hii.

Mashine ya Mgeni ikasimama.

"Zawadi hii?"

"Zawadi hii, zawadi hizi."

"Si zawadi hiki?"

"Zawadi hiki hakuna, mwanangu."

Mgeni akatazama kile kitambaa chini ya sindano. Kitambaa hiki. Kifungo hiki. Ulicho-tu-letea. Kuleta, kuletea. Neno moja moja likajitenga na jenzake, kama nguo inavyofumuka mshono ukikatwa, mpaka yote yakalala mbele yake wazi. Mwishowe likaja na lile la kila asubuhi. Mteja ameamka. Mtoto ameamka. Kimeamka.

"Bi Cherehani, mtu anaweza kuwa kimeamka?"

"Nyumbani mna kifaranga?" mjane akauliza. "Labda wanasemea kifaranga."

"Hatuna kuku."

Bi Cherehani akavua miwani. Akasema kwamba mtu hawi hivyo, ila akisemwa kwa kudharauliwa.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unaisema huku unacheka."

Mgeni akaondoka kabla ya saa yake, kola mbili hazijamalizika. Hakulia. Alijisikia kama mtu aliyetembea mji mzima na karatasi imebandikwa mgongoni, na kila aliyemwamkia aliisoma.

Mume alikuja mwisho wa mwezi, Ijumaa mchana. Mgeni akamwacha anawe, ale, amalize. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama alisema nini siku ya kwanza?"

Mume akafurahi. Akamjibu kwa lugha ya kwao, akimsifu kwamba sasa anaongea kama mwenyeji.

"Nijibu kwa Kiswahili," Mgeni akasema. "Alisema zawadi?"

Mume akatazama sahani. Akaisogeza kando.

"Ningekuambia, ungekaa?"

"Sijui. Hukuniuliza."

"Nilikuwa nakulinda."

Neno hilo Mgeni hakuwa nalo. Ilimbidi aulize, katikati ya hasira yake, kulinda ni nini, na mume ilimbidi afundishe: kama yule mlinzi wa geti, anayezuia wezi wasiingie.

"Mlinzi anakaa nje," Mgeni akasema. "Wewe ulikaa ndani. Pamoja naye."

Akainuka akaenda uani. Mama mkwe alikuwa anaanua nguo. Sentensi yake Mgeni alikuwa ameiandaa siku kumi, ameipima kila upande isije ikamwaibisha.

"Mama, mimi si kitu. Mimi ni mtu."

Mama mkwe akaweka shuka begani. "Kumbe unasikia," akasema. Aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, na kwa mara ya kwanza akamsemesha yeye mwenyewe, polepole, apate kumfuata. Mwanangu alikaa miaka minane, akasema. Baba yake amekufa, hakuja kumzika. Nilikuwa nimemposea msichana wa hapa mtaani, nikapata aibu. Halafu anakuja na wewe. Na wewe unasimama mlangoni kwangu unalia, unaongea maneno mengi. Nikamuuliza, anasemaje huyu? Akaniambia umechoka na safari, unataka kulala.

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo nilivyoambiwa. Kila nilipomuuliza unasemaje, umechoka. Kichwa kinauma. Chakula hukukipenda. Miaka miwili sijasikia kwako neno jema hata moja."

Mgeni akageuka. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, bado kashika kitambaa cha kufutia mikono.

"Nilikuwa nafupisha," akasema.

Hapo mtu angetegemea wanawake wale wawili wakumbatiane, mwanamume abaki na aibu yake. Haikuwa hivyo. Mama mkwe alikunja shuka pembe kwa pembe, akasema, "Nimekusikia. Ila mimi ni mtu mzima, nimeshakuzoea hivyo." Mgeni naye alitafuta lile alilolisema mlangoni siku ya kwanza, habari za kumtunza uzeeni. Sasa alikuwa na maneno ya kulisema. Lenyewe hakulikuta tena.

Kuanzia siku ile nyumba iliingia ubaridi. Zamani, alipokuwa hasikii kitu, nyumba ilijaa mazungumzo. Sasa anasikia, na kila akiingia sebuleni wageni wanamezea, wanauliza habari za kazi, wanaaga. Mama mkwe akawa anampitishia maneno kwa mtoto: mwambie mama yako gesi imeisha.

Hayo yote angeyavumilia. Ameshaona, alimwambia Bi Cherehani, mtu anaweza kuishi na ukimya kama anavyoishi na bati linalovuja, unaweka ndoo. Hasira ya mama mkwe alikuwa ameanza hata kuielewa, kwamba iliandaliwa mwingine ikapakuliwa kwenye sahani yake. Lakini Alhamisi moja alirudi mapema. Mtoto alikuwa amesimama kwenye kiti dirishani. Akamwona mama yake anafungua geti, uso ukachangamka, akageuka ndani kumpa nyanya habari njema.

"Bibi, kimerudi!"

Alishuka kitini, akakimbia, akamkumbatia mama yake miguuni. Hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo alivyojua mama yake anavyosemwa.

Mgeni akambeba. Akapita sebuleni, ambako mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mchele anaouchagua, mkono umesimama kwenye ungo. Mgeni akaingia chumbani akalitoa sanduku lake chini ya kitanda.

Nyuma ya duka la Bi Cherehani kuna chumba kilichokuwa stoo ya vitambaa, chenye dirisha moja na mlango usiofunga vizuri mvua ikinyesha. Ndimo anamoishi mpaka leo. Mume huja mwisho wa mwezi, hukaa kwenye ukingo wa kitanda kama mgonjwa anayengoja daktari, husema rudi nyumbani, mama amepungua makali. Mgeni humwuliza kama mama ndiye aliyesema, au ni yeye amefupisha. Mume huwa anajaribu kwa lugha ya kwao, ile waliyopendania, na Mgeni humjibu kwa Kiswahili, akikosea hapa na pale. Hajamnyima chai wala kitanda. Lugha ndiyo amemnyima.

Mama mkwe hajaja. Jumapili humtuma jirani kumchukua mtoto, akashinde huko, na jioni humrudisha amesukwa nywele, ameshiba, anaongea bila kumeza mate.

Jumapili iliyopita alirudi hivyo hivyo. Mgeni alikuwa amebakiza mikono ya gauni la mteja wa Jumatatu. Siku hiyo alipiga simu kwao asimpate mama yake, na tangu asubuhi hakuwa amelitamka hata neno moja la kwao. Akamvua mtoto viatu, akamuuliza kwa lugha ile, taratibu, kama alivyoulizwa yeye utotoni, kama amekula.

Mtoto akamtazama akisubiri, kisha akakunja uso.

"Sema vizuri," akasema.

Mgeni akaviweka viatu chini, kimoja kando ya kingine.

"Umekula?"

"Nimekula," mtoto akajibu, akatoka nje kucheza. Mgeni akarudi kwenye mashine, maana gauni lilikuwa linatakiwa saa mbili.