Fundi Kipupwe na paa la nyumba mbili

"Dari mkawekewe huko kwenu. Mimi sitaki kifuniko juu ya kichwa changu, mimi si sufuria."

Anayesema hivyo ni bibi mwenye kitambaa kilicholowa maji kichwani, mikono kiunoni, amesimama mlangoni kwake. Anayeambiwa ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Mapacha, naye yuko mlangoni kwake, mtoto mmoja kamshika gauni mbele, mwingine nyuma.

"Bibi, jamani, joto linatumaliza."

"Joto hili nimelikuta hapa hapa, nikazeeka nalo. Limenimaliza?"

"Na hicho kitambaa kichwani ni cha nini, cha harusi?"

Wapita njia wanapunguza mwendo. Juu ya ngazi, katikati ya milango hiyo miwili, mwanamke mwenye ovaroli anajifanya anakagua bati. Huyo ndiye fundi, na ugomvi huu unamhusu kuliko anavyotaka ionekane.

Mtaani wanamwita Kipupwe, kwa sababu kila nyumba anayotoka huiacha na ubaridi wa msimu huo. Kazi yake ni kufunga dari chini ya mabati na kutandaza juu yake magodoro membamba ya kuzuia joto. Alianza kama kibarua wa kubeba mbao, akajifunza huku amebeba. "Mafundi walinifukuza kwa udadisi," anasema. "Nikaondoka, nikarudi na chai yao. Nani atamfukuza mwenye chai?"

Zamani wateja wake walikuwa wenye nafasi tu. Mambo yalibadilika serikali ilipoanza kutoa ruzuku ili nyumba zipunguze kula umeme: inalipa nusu ya gharama ya dari, na nusu iliyobaki mwenye nyumba anailipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Kipupwe, ambaye alikuwa akipata nyumba moja kwa mwezi na kushukuru, sasa anafunga nne.

Sharti lililoleta kasheshe ni hili: ruzuku hutolewa kwa paa zima. Ukifunga nusu, joto litaingia upande wa pili na kuhamia kwako. Nyumba hizi mbili zina paa moja, na ukuta wa katikati unaishia chini ya mabati, ukiacha uwazi ambao paka hupita bila kuinama. Bibi asipokubali, Mama Mapacha hapati kitu. Na maombi yanafungwa Ijumaa.

"Kwa mfuko wangu peke yake siwezi," anasema Mama Mapacha. Feni zake mbili hazipumziki, na umeme anaonunua Jumatatu hauioni Alhamisi. Watoto wametoka vipele shingoni. Anasema usiku wanajikuna kama wanaopiga gitaa.

Kipupwe anashuka, anamwomba bibi ruhusa ya kupima tu, maana kupima si kufunga. Bibi anamkaribisha. Kumnyima mtu kiti ni jambo asiloliweza, hata akiwa na hasira. Mtaani anaitwa Bibi Redio: hazimwi, na habari zake ni za uhakika.

Basi Kipupwe amepanda ngazi sebuleni kwa bibi, futi mkononi, pacha mmoja anapoanza kulia upande wa pili kwamba kiatu chake kimeibwa. Bibi, bila kuinua macho kwenye mchele anaouchagua, anapaza sauti kidogo: "Kiko nyuma ya mlango, ulikitupa jana uliponuna." Kilio kinakatika. Muda si mrefu anaongeza, "Mama Mapacha, maharage yako yanashika chini." Mwiko unasikika ukikwangua sufuria.

Kipupwe anasema hapo futi ilimponyoka. Anashuka, anakaa, anauliza kwa sauti ya chini kama kweli tatizo ni dari.

Bibi anachagua mchele kwanza. "Marehemu mume wangu alipoondoka, watu walidhani nitabaki peke yangu. Sijabaki hata siku moja. Wale watoto nimewasikia wakijifunza kuita mama nikiwa kitandani kwangu. Ukiziba pale juu, fundi, mimi nitaongea na nani?"

Upande wa pili feni zinazimwa, moja baada ya nyingine. Katika nyumba hizi hakuna kitu kinachoitwa sauti ya chini.

"Bibi," inakuja sauti ya Mama Mapacha juu ya ukuta. "Kwani mlango wangu una kufuli?"

"Hauna. Lakini sijawahi kuitwa."

Kisha bibi mwenyewe anamwonea jirani yake huruma. Anasema ataweka saini, ila kimya kikizidi, dari ataitoboa kwa mchi.

Wiki tatu baadaye kazi imekwisha. Mkaguzi amekuja, amegonga hapa na pale, ameridhika. Kwa Mama Mapacha inazunguka feni moja tu. Kwa bibi, kitambaa kimetoka kichwani na kinatumika kufutia meza.

Kipupwe anakusanya vifaa akieleza mpango wake. Yeye mwenyewe amepanga chumba chenye mabati matupu, na mwenye nyumba wake haamini habari za dari. "Nitamleta akae hapa kwa bibi saa nane mchana," anasema. "Awamu ijayo ya ruzuku ikifunguliwa, awe wa kwanza kuomba. Nimechoka kuuza kipupwe na kulala tanurini."

Bibi anacheka, kisha anatazama juu. Anamuuliza fundi kama watoto wameshakula. Fundi hajui, na safari hii ukuta nao hausemi.

Hodi inapigwa. Mama Mapacha amesimama mlangoni na mwiko mkononi, harufu ya kuungua ikimfuata nyuma.

"Bibi, maharage yameungua na hakuna aliyeniambia. Njoo tuyale hivyo hivyo. Na wewe fundi, hiyo ngazi iache hapo hapo, uje ule."