Ulinzi Aliousuka Justa

Justa Rutashobya alikuwa kocha msaidizi wa timu ya kulipwa ya kikapu jijini Mwanza, na kazi yake ilikuwa moja tu: ulinzi. Alipoikuta, timu ilikuwa ikifungwa pointi tisini kila mechi. Justa akawanyang'anya wachezaji mpira wiki tatu nzima. Aliwachuchumalisha, akawatembeza ubavuubavu mpaka mapaja yakawaka moto, akawafundisha kuitana ili mmoja akipitwa, jirani aingie kuziba. Msimu wa pili hakuna aliyewafunga zaidi ya sabini.

Aliyemhangaikia zaidi ni Odoyo, mchezaji kutoka Shirati ambaye uwanjani alikuwa kama bubu. Kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Justa kule Nyakato, walipanga vizibo vya soda mezani, kila kizibo mchezaji. Odoyo akafunguka, akawa nahodha. Alimwita Justa mama.

Uongozi ulipoamua kupunguza gharama za makocha, Justa na Odoyo waliitwa ofisini.

"Odoyo," mwenyekiti akauliza, "bila huyu mama mtazuia?"

Justa nusura acheke. Swali gani hilo?

"Kuzuia ni moyo wa mchezaji," Odoyo akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Tunajipanga wenyewe."

Kwenye ngazi Justa alimshika mkono. "Nimekukosea nini, baba?"

"Mama, goti langu limekwisha. Nafasi yako wameniahidi mimi."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba baada ya yeye kuondoka timu ilishinda mechi tano mfululizo. Akiwa jukwaani aliwasikia wakiitana kwa maneno yake yaleyale, huku viongozi wakipongezana kwamba hawakuwa wakimhitaji.

Kisha wachezaji wawili wakahama, wakaja wageni ambao hakuna aliyewafundisha. Upande wa kulia ukabaki wazi. Walifungwa tisini na nne.

Kesho yake Odoyo alibisha getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Justa aliitikia, akaendelea kumenya ndizi. Hakumpa kiti. Lakini kosa la jana alikuwa ameliona, na hakuweza kulimeza.

"Yule mgeni wenu wa kulia anatazama mpira tu, mtu wake anapita nyuma yake. Mwambie asimame ubavu, aone vyote viwili."

Odoyo alishukuru mara tatu, akaenda zake. Jumamosi wakashinda. Redioni mtangazaji akamuuliza dawa ameitoa wapi.

"Nilikaa nikafikiria mwenyewe," Odoyo akajibu.

Justa alizima redio, akakaa kitako pale sakafuni. Mara ya kwanza Odoyo alipomkana, alijiambia ni njaa ya kazi. Hii ya pili hakuipatia jina.

Jumatatu alikwenda shule moja ya wasichana iliyokuwa ikimwomba siku nyingi, akachukua timu yao. Odoyo alirudi tena baada ya kufungwa mechi nyingine mbili. Alibisha, akaita "mama" kwa sauti ya chini. Justa alikuwa hapohapo nyuma ya geti, ameshika komeo. Hakulifungua.