Siku Nilipomlilia Baba kwa Spika

Mkasa huu nimeukwepa kwa muda mrefu. Ukianza kutajwa mahali nilipo, najifanya nimepigiwa simu, natoka nje nasimama ukutani naongea peke yangu mpaka wamalize kucheka. Leo nausimulia mwenyewe, tena wote, kwa sababu wanaousimulia huishia pale panapochekesha, na mimi najua hauishii pale.

Naitwa Skolastika, hapa Mlabani wananiita Skola. Nilikuwa na bendi, tulikuwa watatu: mimi gitaa la umeme na sauti, Deo na laptopu yake, na Shija, kijana wa Kisukuma ambaye kwao wana ng'ombe upande wa Mlimba, yeye alipiga madebe, mabati na kitu chochote kilichokubali kupigwa. Muziki wetu haukuwa wa kucheza. Ulikuwa wa makelele, na nasema hivyo bila kinyongo kwa sababu ndiyo tuliyoyatafuta. Albamu tuliirekodi kwenye banda la mashine za kukoboa mpunga zikiwa zinaunguruma, na mashambani msimu wa kuamia ndege, pale watu wanapopiga madebe kutwa nzima kuwafukuza kweleakwelea, halafu juu ya hayo yote tukaweka gitaa langu likikwaruza. (Mama Benigna, jirani yetu, aliposikia wimbo wa kwanza aliniuliza kwa upole kama ile redio nimeshaipeleka kwa fundi.)

Ulioniponza ni wimbo wa mwisho, wa nane. Ule hauna gitaa wala debe, ni mimi peke yangu nalia msiba, kile kilio cha kwanza kabisa mwanamke anachokitoa mtu anapokata roho, ambacho mtaa wa pili wakikisikia wanaacha sufuria jikoni na kuja. Deo alinirekodi mara arobaini, akazipanga sauti zile moja juu ya nyingine, ikawa wanawake wa kijiji kizima wanalia kwa dakika kumi na moja.

Kwa albamu hiyo tulizunguka miaka mitatu. Tulianzia Kisawasawa, ambako waliotusikiliza walikuwa sita na watatu kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike, tukaenda Dar, Nairobi, Kampala, tukafika mpaka Ujerumani, na huko wimbo wa nane ukipigwa watu walisimama wima wamefumba macho, wengine machozi yanawatoka, halafu mwishoni wanapiga makofi. Makofi, kwa kilio cha msiba. Mara za kwanza nilikuwa nasisimka mwili, baadaye nikazoea, na kosa langu lote limo humo kwenye kuzoea.

Sasa Baba. Mama alishatangulia zamani, nilibaki na Baba tu. Alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni tangu sijazaliwa, mtu wa kinanda na sauti nne, na muziki wangu hakuwahi kuusikiliza hata dakika moja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nitausikiliza ukimaliza kuutengeneza," nikamwambia umekwisha, Baba, ndivyo ulivyo, akarudi kwenye kinanda chake. Alipoanguka na kupooza upande wa kulia mimi nilikuwa Kampala. Shangazi, dada yake, alitoka Mlimba akamuuguza wiki tatu peke yake, maana tulikuwa tumebakiza maonyesho kadhaa na mimi nikasema acha nimalizie kwanza. Nikamalizia kweli. Hilo nalo naona aibu kulisema.

Niliporudi nikaanza kumuuguza mimi, Shangazi akarudi kwake. Ulimi wa Baba ulikuwa mzito lakini masikio yalikuwa mazima, na nilichokitaka kilikuwa kimoja: aisikie albamu ile iliyonizungusha miaka mitatu, aseme neno, hata akisema ni mbaya. Kwa hiyo Jumamosi moja tulipopanga kufanya onyesho la nyumbani, saa kumi jioni kule kwenye banda la mashine, vyombo vikafika asubuhi, mimi nikaamua tuvijaribu kwanza uani kwetu, spika zielekee dirisha la Baba. Uamuzi mdogo tu.

"Hapa ni nyumba ya mgonjwa," Deo akasema.

"Ndiyo maana," nikamjibu, nikajiona nimesema jambo la maana sana.

Deo akaenda dukani kutafuta soketi, Shija akawa bado anashusha madebe barabarani. Mimi sikuwa na subira. Gitaa halikuwa limeunganishwa, nikaona wimbo usiohitaji gitaa ni ule wa nane, nikaziba masikio kwa vile vizibo tunavyovaa (maana tulipenda makelele lakini hatukutaka kuwa viziwi), nikabonyeza laptopu ya Deo, nikauacha ujirudie wenyewe.

Hapo mkumbuke kwamba Mlabani nzima ilijua Baba anaumwa. Kila asubuhi mtu akipita getini lazima aulize, "Mzee ameamkaje?" Walikuwa wanaingoja sauti ile itoke uani kwetu, ingawa hakuna aliyesema. Na ikatoka, saa nne asubuhi, kwa sauti yangu mwenyewe mara arobaini.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Benigna, kanga kiunoni, mikono kichwani, mdomo wazi. Mimi na vizibo vyangu nikajua anaimba. Nikamtabasamia. Nyuma yake wakaja wengine wanne, halafu kumi, wanayumba, wanashikana, wengine wanakaa chini kwenye mchanga, na mimi nikasema moyoni, Ujerumani walifumba macho tu, lakini nyumbani wameuelewa. Nikaongeza sauti. Wanaume wakaingia wamevua kofia, wamebeba mabenchi ya kigango, wengine wanaburuta turubai, na mimi (naomba mnisamehe) nikawapungia mkono, kwa sababu niliamini wananitengenezea ukumbi.

Aliyezima ni Shija. Alikuja akachomoa waya, akanitoa kizibo kimoja sikioni.

"Skola, hawa hawafurahii. Wanamlilia Mzee."

Spika zilinyamaza lakini kilio kikaendelea. Na ndani nako wanawake wawili wazee walishaingia chumbani kumfumba Baba macho, wakayakuta yako wazi yanawaangalia, mmoja akatoka mbio akaacha kandambili zake mlangoni. Balozi wetu wa nyumba kumi akasimama mbele yangu.

"Mzee yupo au hayupo?"

"Yupo. Shikamoo," nikasema, akili ishapotea.

"Marahaba. Sasa anayelia ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe umenyamaza."

"Ni mimi wa kwenye albamu," nikamwambia, na hakuna sentensi niliyowahi kuitamka ambayo natamani kuirudisha mdomoni kama ile.

Hakunigombeza mtu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Vijana walirudi kutoka makaburini na majembe begani, wamechimba mpaka magotini. Mama Benigna akasema chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi majumbani, ni mkosi, basi mchele ule na maharage vikapikwa vyote, na Baba akasaidiwa kutoka nje, akakaa kwenye kiti chini ya turubai la msiba wake mwenyewe, akala kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, huku watu wanamtazama kila tonge. Onyesho la jioni hata halikuulizwa. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, nami nikaanza kudhani nimepona, mpaka mchana Shangazi akaingia getini amejifunga kichwa, macho yamevimba, maana kuna mtu alishampigia simu. Alimwona kaka yake ameshika kijiko. Akakaa chini pale pale.

"Nimelia njia nzima toka Mlimba, Skola," akaniambia. "Abiria wamenipa pole. Kuna mama nisiyemjua alinishika mkono mpaka nashuka."

Nikaenda kumchotea maji ya kunywa.

Nilimpigia Baba magoti nikaomba msamaha. Akatafuta maneno kwa shida.

"Sauti ya pili inashuka," akasema.

"Baba?"

"Wale wa katikati. Wanashuka. Ungeniletea, ningekupangia." Akapumzika. "Nimeusikia wote."

Nililia, lakini kimya kimya, maana nilikuwa naogopa hata kupiga chafya.

Wiki iliyofuata Balozi alinizungusha nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wote walinipokea, wakanipa kiti, wakasema yameisha, na kweli kwa upande wao yaliisha, yakabaki ya kunitania sokoni. Wakaniita Skola Spika. Baba naye akawa ananiambia nimpigie wimbo mmoja kila siku, kwa sauti ya chini, na kila siku alikuwa na kasoro yake. Zile ni wiki tamu kuliko miaka yote mitatu ya kuzunguka, na ningeweza kuzipata mapema kama ningekubali kurudi alipoanguka.

Hapa ndipo wengine huishia. Msimu wa kuamia ulipofika, mchana mmoja wa saa nane, nilikuwa namnywesha Baba uji, akavuta pumzi akaishusha, hakuivuta tena. Nilikuwa naye peke yangu. Niliweka kikombe chini, nikatoka mlangoni, nikalia. Kilitoka chenyewe, sikukipanga, na kilikuwa kile kile.

Nikasubiri. Upande wa pili wa ukuta Mama Benigna alikuwa anatwanga. Nilisikia mchi wake ukisimama kidogo, halafu ukaendelea.

Nikalia tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Hakuna geti lililofunguliwa. Mtu akapita barabarani na baiskeli, nikamsikia anacheka na mwenzake. Basi nikajifuta uso kwa kanga, nikatoka, nikaenda kubisha hodi kama mtu anayekwenda kuomba chumvi.

"Shikamoo, Mama Benigna. Baba amefariki."

Aliniangalia mikononi kwanza. Nafikiri alikuwa anatafuta waya.

"Tulikusikia, mwanangu," akasema. "Tukajua unajaribu spika."

Akaulaza mchi chini, akatoka uani kwake akalia yeye, na kwa sauti yake watu wakaja.

Bendi haikuendelea. Wimbo wa nane nimemwambia Deo aufute popote ulipo, albamu sasa ina nyimbo saba, na nimeapa kwamba kilio sitakiweka tena kwenye mashine yoyote hata nikiitwa Ujerumani mara kumi. Mwezi uliopita kulitokea msiba mtaa wa pili. Nilikwenda na kuni zangu, nikakaa mkekani na wenzangu, na walipoanza kulia wote, mimi nilifunga mdomo, nisije nikawafanya watu wadhani marehemu ni mzima.