Pikipiki ya Marehemu Abdu

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwanangu. Naikumbuka kwa sababu harusi ya kijana wa jirani yetu ilikuwa kesho yake, na mimi nilikuwa nimekubali kupeleka mkate wa sinia nyumbani kwa bibi harusi, ng'ambo ya soko, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, jina langu Echa. Tulikaa Nosy Be, mjini, mimi na mama yangu na bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi watu wa asili ya Ngazija humwita Koko. Wa nne nyumbani alikuwa kaka yangu Abdu, lakini wiki ile alikuwa Mahajanga. Alikwenda kuitazama nyumba ya marehemu baba yetu, mtaa wa Antanimasaja, ambayo tuliiacha mikononi mwa jirani, mama mmoja wa Kimalagasi mwenye moyo safi, siku tulipohama.

Sitakuchosha na habari za kuhama kwetu. Jua tu kwamba ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na watu wetu wa Mahajanga walikuwa wameshambuliwa, wengi wakauawa, muda si mrefu nyuma. Mama alikuwa bado hajapona. Jina la mji ule likitajwa, mkono wake ulikwenda kifuani wenyewe. Abdu alipoondoka, mama alimng'ang'ania gatini mpaka mabaharia wakaanza kumpigia kelele. Liweke hilo moyoni, maana bila hilo utacheka tu na hutaelewa nilichokifanya.

Abdu alikuwa na pikipiki ndogo ya pedali, rangi ya samawati, aliyoipata kwa kufanya kazi misimu miwili kiwanda cha sukari. Nyinyi leo mna skuta za umeme zinazopita kimya hata paka hashtuki. Ile ya Abdu ilikohoa kama mzee mvuta tumbaku, mtaa mzima ukajua kijana katoka, kijana karudi. Kabla ya kusafiri aliifunika gunia, akaniambia, "Echa, hii usiiguse."

Nikamjibu, "Niiguse ya nini?"

Alhamisi ile nikaigusa.

Rafiki yangu Fatima alikaa nyuma na sinia mapajani, imefunikwa kitambaa cheupe, naye akinikumbatia kwa mkono mmoja na kupiga kelele sikioni mwangu, "Taratibu! Taratibu!" Nami nilikuwa sijui taratibu inapatikana wapi kwenye chombo kile. Tulipofika karibu na soko, askari akanyanyua mkono. Mkono nikauona vizuri. Breki ndiyo sikuiona. Tukasimama gurudumu la mbele likiwa juu ya kiatu chake.

Alikuwa sajini, jina lake Tombo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini isiyolingana na mwili wake. Mazungumzo yetu yote yalikuwa kwa Kimalagasi, kama ilivyo kwetu barabarani na dukani. Nyumbani tulisema Kingazija. Kiswahili hiki ninachokupa leo nilikipata baadaye kwa mume wangu, mtu wa Unguja, basi ukiniona nakwama unisamehe.

"Leseni?" akauliza.

"Sina."

"Kadi ya pikipiki?"

"Anayo kaka yangu."

"Kaka yako yuko wapi, aje nayo?"

Ningeweza kusema: yuko safarini, nimeichukua bila ruhusa, nimekosa. Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja. Lakini nilimwona Abdu mbele ya macho yangu akirudi na kuambiwa mambo yote, na hofu ikanishika. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Amefariki."

Sajini akavua kofia.

"Wapi?"

"Mahajanga."

"Lini?"

"Juzi." Na machozi yakaja, mwanangu, ya kweli kabisa, sijui yalitoka wapi.

Kisha akasema, "Pole, dada. Mimi nami nimemzika mdogo wangu mwezi uliopita." Nikadhani hapo ataniachia niende zangu. Wapi! Akasema sheria ni sheria, pikipiki itakaa kituoni mpaka mtu mzima wa familia aje na karatasi. Akaniuliza tunakaa wapi, nami kwa upole wote nikamwelekeza mpaka mlangoni.

Tukaenda kwa miguu, sinia kichwani. Fatima akasema, "Echa, umemuua kaka yako."

"Nimemuua kidogo tu," nikamwambia. "Akirudi atafufuka."

Na tukacheka. Leo naona haya kukuambia, lakini tulicheka mpaka sinia ikayumba.

Kwa bibi harusi kulikuwa na hina, ngoma na nyimbo. Nami nikapakwa hina mikono yote miwili, nikasahau. Nilirudi nyumbani baada ya alasiri, mikono nimeinyanyua juu isije ikachafuka, naimba. Nilipokata kona nikasikia kilio. Watu wamejaa mlangoni kwetu, wanawake wamejifunika khanga. Nikaanza kukimbia na mikono yangu juu, nalia, "Nani? Nani kafa? Koko?"

Jirani mmoja akanishika mabega. "Jikaze, mwanangu. Ni Abdu."

Wallahi nilipiga ukelele. Kwa kitambo kidogo niliamini. Nilimlilia kaka yangu kweli kweli, mpaka nilipomwona Sajini Tombo amesimama uani, kofia mkononi, mkewe pembeni yake, na askari wawili wamebeba gunia la mchele na mfuko wa sukari. Walikuwa wamechangishana kituoni wakaja kutupa pole, kama watu wa kisiwa kile wafanyavyo penye msiba. Ndipo nikajua maiti ile imetoka kinywani mwangu.

Mama alikuwa sakafuni. Hakulia tena, alikuwa anatazama ukuta na kusema polepole, "Nilimwambia asiende. Nilimwambia asiende." Nikapiga magoti mbele yake. Sikuweza hata kumshika, hina ilikuwa mbichi.

"Mama, Abdu hajafa. Nimesema uongo. Nilichukua pikipiki yake, nikakamatwa, nikaogopa. Abdu mzima."

Mama alinitazama kama mtu asiyejua lugha. Kisha akaangusha kipaji cha uso chini, akasujudu palepale, akakaa katika sijda muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na kandambili mkononi. Ya kandambili hiyo sitakueleza, ila mpaka leo sijaona mtu mzima akipiga huku analia na kucheka kwa pamoja.

Ni Koko aliyemzuia. Hakupaza sauti. Alimkaribisha sajini na mkewe wakae, akawaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, halafu akanigeukia. Akasema, "Kesho asubuhi utakwenda kituoni. Wote waliotoa kitu kwa ajili yako utawaambia ukweli, mmoja mmoja, uso kwa uso. Pikipiki usiitaje kabisa. Huendi kudai, unakwenda kuomba radhi."

"Kesho ni harusi, Koko."

"Harusi itakuwapo. Wewe hutakuwapo."

Sura ya Sajini Tombo ndiyo iliyoniumiza kuliko kandambili, kwa kuwa hakukasirika. Alikuwa amechoka tu, mtu aliyetonesha kidonda chake kwa ajili ya hadithi ya msichana. Walipotaka kuondoka, mama alitaka wauchukue mchele wao. Mke wa sajini akakataa. Akasema kwao chakula kilichotolewa kwa msiba hakirudi nyumbani. "Mtaupika Abdu atakapokuja," akasema, "na sisi tutakula."

Asubuhi nilikwenda. Askari sita, mwanangu, na hina yangu nyekundu mikononi kama bibi harusi aliyepotea njia. Nilimweleza wa kwanza, akanifokea. Wa pili akaangua kicheko. Wa tatu alisema aliomboleza tangu saa sita ya jana. Mwisho nikafika kwa sajini. Nikamwambia, "Baba, nimelifanyia mchezo jambo lililokuumiza. Nisamehe." Aliniangalia, akasema, "Nimesikia." Kisha akaongeza, "Pikipiki atakuja kuichukua marehemu mwenyewe."

Ungedhani yameisha. Hayakuisha. Hapakuwa na simu nyumbani, na Abdu alikuwa hajaandika. Mama alijua nimesema uongo, lakini neno lilikuwa limekwisha kumwingia. "Umelitamka," aliniambia, "na mwanangu yuko baharini." Alipunguza kula. Alikuwa akiamka anakwenda gatini kuulizia meli ya kutoka Mahajanga, nami namfuata nyuma kama kivuli. Meli ilitarajiwa Jumatatu, haikuja. Jumanne, haikuja. Mambo ya injini, walisema. Siku zile mbili sijazisahau. Nilijifunza kuomba kwa kumaanisha kila neno.

Jumatano meli iliingia. Nilimwona Abdu kwenye ngazi, amekonda kidogo, amebeba kikapu cha vitu alivyopewa na yule jirani wa Antanimasaja: picha ya baba katika fremu yake, na msahafu wetu wa zamani, vyote salama. Mama alimgusa uso, masikio, mabega, kama anunuaye kitu na kuogopa kina kasoro. Abdu akacheka, "Mama, nimekwenda wiki mbili tu!"

Nilimvuta pembeni nikamwambia kila kitu kabla hajakisikia kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Siku ile uliyoniua, mama alisema nini?"

"Alisema alikuambia usiende."

Akatazama baharini. "Pikipiki ni chuma," akasema. "Mimi usiniue tena."

Kisha tukaenda kituoni, na hapo furaha ikaanza. Habari za kifo zilikuwa zimeenea mji mzima, habari za uongo wangu hazikufika kila mahali. Sokoni mwuza nyanya alimwona Abdu, akatupa kapu, akakimbilia nyuma ya kibanda. Mzee mmoja alimsalimu kwa mbali sana. Abdu akawa anawapungia mkono wote kama bwana harusi.

Sajini Tombo alikuwa mezani. Akachukua kalamu bila kuinua kichwa.

"Jina?"

"Abdu."

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiye mimi."

"Kadi ya pikipiki unayo, au umezikwa nayo?"

"Ninayo."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, na sajini mwenyewe, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akacheka mpaka akafuta macho. Akakagua kadi, akaandika, akamwonya Abdu aifunge vizuri siku nyingine akiwa na dada kama mimi. Pikipiki ilikuwa uani juani, magurudumu yameisha upepo, imejaa vumbi. Abdu akakaa juu yake akashika usukani kama anaendesha, akaniambia, "Sukuma." Nikaisukuma kutoka kituoni mpaka nyumbani, jua la saa sita, yeye akiitikia salamu na mimi nikitoka jasho. Wanawake wa mtaa wetu walipotuona wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha ambayo sijui kukusimulia.

Ijumaa ile tukapika mchele wa msiba. Sajini alikuja na mkewe na askari wote sita, na Abdu mwenyewe ndiye aliyewapakulia. Katikati ya chakula sajini alimwambia Abdu habari za mdogo wake, namna alivyokuwa, na Abdu akamsikiliza, nasi sote pia. Baada ya hapo haikupita Idi bila yeye kuja kwetu, mpaka alipohamishwa.

Sasa mimi ni mzee, nakaa Mahajanga, na Koko na mama wamekwisha tangulia. Juzi mjukuu wangu Nadia alirudi bila skuta yake ya umeme. Polisi wameishika njia ya Amborovy kwa sababu hakuvaa kofia na hakuwa na karatasi. Nikamkuta kitandani anampangia shangazi yake maradhi ya kwenda kuwaambia polisi. Nikamwambia, "Vaa viatu. Twende, shangazi tumwache na uzima wake." Tukaenda na risiti na kofia. Akasema, "Nimekosa," akaandikiwa onyo, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunarudi. Nikataka kupanda nyuma. Akaniambia sheria hairuhusu. Sawa, nikapanda bajaji.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikamatwa na kosa, liseme palepale, lingali dogo na lako peke yako. Uongo unaoutupia mamlaka haubaki mezani kwa askari. Unauliza njia, unakuja nyumbani, unamkuta mama yako. Wala usimtaje mtu kwa kifo wala kwa ugonjwa ili wewe upite, kwani hujui anayekusikiliza amemzika nani. Na ukiwa umekwisha teleza, usitume mtu. Nenda mwenyewe kwa miguu yako, omba radhi kwanza, na kitu chako kitafuata nyuma kwa wakati wake.

Mungu akupe ulimi usioona uzito kusema nimekosa. Akukutanishe na watu wenye huruma hata wanapokuandikia makosa. Kila unayempenda aliye safarini amrudishe mzima, na akuweke hai wewe uwahi kumlaki. Amina.