Buji ya Nne

Siku zile nazikumbuka kwa harufu ya mafuta ya taa, mwanangu, maana ilining'ang'ania vidoleni hata nikila wali nikawa naionja. Vita vilikuwa vimeshafika kila mtaa wa Bujumbura, na mipaka ilikuwa imefungwa kwa ambargo, vikwazo vya nchi jirani. Mimi nilikuwa msichana wa hapa hapa mtaa wa Asiatique, mkaidi, binti wa fundi wa magari. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, basi mikono yangu ndiyo ikawa yake.

Uani tulikuwa na Peugeot 404, mzee mwenzake baba. Iliwaka, lakini kwa silinda tatu, kwa kuwa buji ya nne, ile plagi ya kuwasha moto ndani ya injini, ilikuwa imekufa. Barabara tambarare ya Zone Industrielle iliiweza, ikikohoa. Ukiielekeza mlima wa Gihosha, inazima. Na Gihosha ndiko alikokuwa dada yangu Mariamu, mjamzito, ameamriwa na daktari alale tu, asitembee. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani kwa kukosa gari la kumshusha mama yake, maana teksi zote ziliogopa risasi za kule juu. Safari hii baba aliapa kwenda kumchukua mwenyewe kabla ya siku zake za kujifungua.

Buji mpya tulikuwa nayo. Ya zamani ndiyo iliyogoma kutoka, imeshikana na kichwa cha injini kwa kutu na moto wa miaka mingi. Ingekatikia mle ndani, gari lingekufa, kwani kichwa kingine tungekitoa wapi na mipaka imefungwa?

Siku ya kwanza nilishika spana nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Baba akanipiga kofi la mkononi, akaniuliza bila kupandisha sauti, "Ikikatika, utamwambia dada yako nini? Ati ulikuwa na nguvu?"

Niliona haya. Kisha akanipa sheria yake. Baada ya kila swala nidondoshe mafuta ya taa kuizunguka ile buji, nishike spana, nikaze kwanza kiasi cha unywele, halafu nilegeze. Ikikataa, niache mpaka swala inayofuata. Kukaza kitu unachotaka kukitoa! Nilisema moyoni kwamba mzee amechoka akili. Lakini kutu, aliniambia, huachia ukiisukuma pande zote mbili, na bandubandu huisha gogo.

Iko subira ya kulala, mwanangu, na iko subira ya kazi. Ile ilikuwa ya kazi. Alfajiri hadi isha nilikwenda, nikadondosha, nikakaza, nikalegeza, na buji haina habari na mimi. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile. Milio ya bunduki ilisikika kutoka milimani, nami nimeinamia injini. Niliichukia buji ile, wallahi, lakini sikuruka hata zamu moja.

Ndipo akaja Saidi, mume wa Mariamu, ameshuka kwa miguu na bomba refu la chuma begani. Alitaka kulichomeka kwenye spana aizungushe buji kwa nguvu. Alisema mke wake ameanza kuumwa kiuno, na yeye hawezi kuzika mtoto wa pili. Baba alikuwa msikitini. Nilimwonea huruma shemeji yangu, tena nilimwogopa, kwani alikuwa mtu wa miraba minne. Nikalivuta lile bomba, nikalilaza chini, nikalikalia.

"Apana, shemeji," nikamwambia. "Hii buji ikikatika, utamwambia muke yako nini? Ati ulikuwa na nguvu?"

Alinitazama kwa hasira. Kisha akaketi chini kando yangu, akalia.

Ilipoadhiniwa alasiri tukaswali pale uani, yeye mbele, mimi nyuma. Nikadondosha mafuta, nikakaza, nikalegeza. Buji ikalia, ikasogea. Saidi akanyoosha mkono aichukue spana, nikamkatalia. Nikaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi ikatoka nzima, nyeusi, ikatua kiganjani mwangu.

Baba aliporudi kutoka msikitini, tukaweka mpya. Jua halijatua, 404 ilikuwa imepanda Gihosha kwa silinda zote nne, Saidi akiendesha, baba kando yake akisoma dua, na Mariamu akashushwa amelala kiti cha nyuma. Alijifungua binti, salama. Binti yule leo ni mama wa watu, ana haraka kuliko baba yake, na lile bomba ndilo analoanikia nguo hapa uani.

Basi jambo likikukazia, usilitupe, wala usilipige kwa hasira. Lirudie kwa saa zake, ulifanyie kidogo unachokiweza, hata kama watu wanakuona unarudi nyuma. Kilichovunjwa wakati wa dhiki hakina spea. Mungu akulainishie yaliyokukazia, mwanangu, na akupe mkono usiochoka kuyarudia.