Miezi Minane ya Ndalahwa

Watu wa Zagayu wanasema ukoo wetu umezaa muuaji. Nimeishi katika ukoo huo miaka thelathini na minne, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa mjane, na jina lake nimelilinda kuliko nilivyolinda afya yangu. Kwa hiyo nina haki ya kusahihisha. Hatukuzaa muuaji. Tulizaa mgonjwa, tukamficha.

Ndalahwa ni mdogo wa marehemu mume wangu, Marcelo. Marcelo alipelekwa shule, Ndalahwa akabaki na ng'ombe, wala hakuwahi kulalamika. Kazi yake ilikuwa kufundisha maksai kulima. Watu walimletea wanyama wakaidi kutoka vijiji vya mbali, naye aliwatuliza kwa mluzi na maneno, mara chache sana kwa fimbo. Jozi yake mwenyewe aliipa majina, Karani na Bwana Shamba.

"Bwana Shamba anakula sana na kazi yake haionekani," aliniambia kila nilipofika Zagayu kutoka Bariadi, nilikokuwa naishi. "Lakini Karani, shemeji, nikipindisha mstari ananiandikia ripoti."

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili aliugua. Alifika shuleni kwa Marcelo mchana, uchi, nguo zake amezikunja vizuri mikononi, akasema zimeshonwa kwa sauti za watu. Baba mkwe aliugua vivyo hivyo zamani, akafa amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Mimi na Marcelo, walimu wawili wenye vyeti, hatukumpeleka Ndalahwa hospitali, maana hospitali ina rejista na rejista ina wasomaji. Tulimpeleka kwa mganga, kijijini Ipililo. Akakaa huko miezi minane, mguu mmoja umepitishwa kwenye gogo lililotobolewa. Alipotulia tulimrudisha nyumbani, na njiani nikampa maneno ya kusema. Alikuwa Malampaka, kibarua wa relini. Kovu la mguuni ni chuma cha reli kilichomwangukia. Nilimrudishia maneno hayo mara nyingi mpaka akayashika.

Asiyeujua Usukuma atashangaa tulikuwa tunaogopa nini. Kabla ya posa, upande wa pili hutuma watu kuuliza habari za ukoo. Mwizi husamehewa. Hata aliyeua katika ugomvi husamehewa. Wazimu hausamehewi, kwa sababu husemwa kuwa uko kwenye damu.

Alioa, akapata binti, Anyesi. Miaka kumi na tisa alikuwa mzima. Kisha Novemba moja mke wake, Nyanjige, akaja Bariadi kuniambia kwamba mumewe hajalala siku tisa na kwamba anamsikia jirani yao Mwandu akiongea kutoka tumboni mwa maksai. Nikamwambia ni uchovu wa msimu. Ampe uji, na asimwambie mtu. Siku ya nne, asubuhi, Mwandu alikuja kuazima nira, na Ndalahwa akampiga shoka. Baada ya hapo akawafunga maksai, akaendelea kulima. Watu walipofika mbio alisimamisha plau akawasalimu, "Mwangaluka."

Serikali ilimpa wakili, Thomasi, kijana makini. Alimweleza jaji kwamba mshtakiwa huenda hakujua alichokuwa akifanya, na jaji akaamuru apelekwe Dodoma akapimwe akili.

"Tabibu akisema alikuwa mgonjwa siku ile, hatanyongwa," Thomasi aliniambia. "Atazuiliwa hospitalini, atatibiwa. Akisema alikuwa mzima, Mama, mimi sina utetezi mwingine."

Tabibu alihitaji pia maelezo ya ndugu. Ndiyo sababu afisa wa ustawi wa jamii, Joyness, alikuja nyumbani kwangu. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nilitarajia wageni kutoka Lamadi, waliokuwa wanakuja kuuliza habari zetu kabla ya kumchumbia binti yangu Goodness.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kiti hiki, hicho kingine mguu wake unacheza."

Akafungua fomu yake. "Kabla ya tukio hili, Ndalahwa aliwahi kuugua akili?"

"Hapana."

"Na katika ukoo? Baba, babu, ndugu?"

"Ukoo huu una walimu watatu na katekista."

Akatabasamu. "Walimu nao huugua, mama. Hata sisi wa ustawi tunaugua."

"Sisi hatujaugua."

Nyanjige, aliyekuwa anakaa kwangu tangu mumewe akamatwe, alikuwa amekaa mkekani. Alikuwa anajua habari ya Ipililo, mumewe alimweleza yeye peke yake. Akasema polepole, "Ile miezi ambayo hakuwepo..."

"Nyanjige, chai imechemka."

"Mwalimu, chai hatujaibandika."

"Basi kaibandike."

Alipotoka, Joyness akanitazama. "Miezi gani, mama?"

"Alikuwa kibarua wa reli Malampaka, kabla hajaoa. Alirudi mikono mitupu, mke wake anaona aibu kwa niaba yake."

Akaandika. Nikasoma, nikamrekebishia mwaka mmoja aliokosea, nikatia sahihi. Joyness alipokwisha kuondoka niliingia jikoni. Nyanjige alikuwa ameinamia sufuria.

"Maji yamechemka," akasema. "Mgeni ameondoka. Sasa hii chai nimpelekee nani, jina la ukoo?"

Nikatoka kwenda kuhesabu vikombe vya wageni wa Jumamosi.

Jumamosi wageni wa Lamadi walikuja. Shangazi yao, mfanyabiashara wa samaki, hakuzunguka.

"Tumesikia mmoja wenu yuko mahabusu."

"Ni kweli."

"Aliua kwa sababu gani?"

"Waligombana na jirani."

"Ugomvi uko kila nyumba," akasema, akaomba aongezewe mchuzi. Goodness aliolewa mwaka huo huo.

Mahakama Kuu ilipokuja kukaa Bariadi, nilikwenda nikiwa nimevaa vizuri. Ripoti ya tabibu ilisomwa. Mshtakiwa alikuwa mtulivu muda wote wa uchunguzi na alijibu kwa mpangilio. Alipoulizwa kama amewahi kuugua au kutibiwa popote, alisema hapana. Alipoulizwa kuhusu kovu, alisema aliangukiwa na chuma alipokuwa kibarua wa reli Malampaka. Maelezo yake, ripoti ilisema, yanalingana na ya shemeji yake, ambaye ni mwalimu mstaafu. Hakuna historia ya ugonjwa wa akili kwake wala katika familia yake.

Tabibu hakukosea. Alipima alichopewa. Jaji naye hakukosea. Alisema mtu aliyeua kisha akaendelea kulima mistari iliyonyooka alijua anachofanya. Akamhukumu kunyongwa hadi kufa. Ndalahwa alinigeukia kizimbani kama mwanafunzi aliyejibu sawasawa na anangoja kusifiwa.

Miezi saba nilishindwa kula mbele ya watu. Mwisho nikaenda kwa Thomasi nikamwambia kila kitu, baba mkwe, Ipililo, gogo. Hakunikaripia. Aliandika hati ya kiapo, tukaipeleka kugongwa mhuri.

"Lakini peke yako haitoshi," akasema. "Watauliza kwa nini tukuamini leo na si siku ile. Yeye mwenyewe lazima aseme, akubali kupimwa upya."

Nikaenda gerezani Mwanza. Ndalahwa alikuwa amepewa dawa huko, na macho yake yalikuwa ya siku zake nzuri.

"Umekonda, Mwalimu. Wakubwa wangu hawajambo?"

"Maksai waliuzwa."

"Bwana Shamba walimuuza kwa kilo, bila shaka. Kwa kazi nani angemnunua."

Nikamweleza kuhusu kiapo.

"Watasoma kwa sauti?"

"Mahakamani husoma kwa sauti."

"Na Zagayu watasikia. Anyesi ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na mitano."

"Basi bado miaka michache watu waje kuuliza habari zetu." Alisema bila hasira. "Hapana, Mwalimu. Mimi nilikuwa Malampaka."

"Ndalahwa, watakunyonga."

"Kunyongwa ni mimi peke yangu. Hilo lingine ni la watoto wote. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nilibisha mpaka muda ukaisha. Nilimpigia magoti mbele ya askari, mimi ambaye sikuwahi kumpigia magoti mtu yeyote isipokuwa mama mkwe. Akanishika mkono akanisimamisha, akasema sakafu ya huko ni chafu.

Rufaa ilisikilizwa kwa sababu nyingine ndogo ndogo, ikakataliwa. Hati yangu ya kiapo haikufika popote.

Mwaka jana, Anyesi alipotimiza ishirini, nilimwita yeye na mama yake nikamweleza. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa tayari. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama baba yake bado anaweza kupimwa.

Nikamwambia yuko gerezani akingoja kunyongwa, na baada ya rufaa muda huo umepita.

"Basi andika," akasema. "Waje kuuliza habari zetu wakiwa wameshazisoma."

Nyanjige alikuwa ananiangalia tangu nilipoanza kueleza, na hakuacha kuniangalia nilipomaliza.