Miguu Yake Niliiona

Bawa la upande wangu lilikwangua lami. Ndege ikazunguka mpaka ikatazama tulikotoka, gurudumu likakatika chini yangu, na chuma cha ubavuni kikaja kikakaa juu ya goti langu. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia uchungu. Pembeni yangu rubani, mtoto wa ami yangu, hakuwa na hata mchubuko. Nyuma ya waya wa uwanja shangazi bado alikuwa akipiga vigelegele. Alidhani ndizo mbwembwe zenyewe.

Hata pale, damu ikinitoka, nilichowaza ni hiki: na hili pia kapewa yeye, la kunusurika.

Tulizaliwa nyumba moja, Jomvu Kuu, tukala sinia moja. Shamba la babu lilipouzwa, yeye ndiye aliyepelekwa kusomea ndege. Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda kubeba magunia Changamwe. Sikatai, nilimwonea kijicho. Akipita Magongo na shati lake jeupe, wazee husimama kumpa mkono. Mimi naambiwa, "We, mbebee mwenzio begi." Nabeba. Mke wangu mwenyewe alikuwa akimpakulia yeye kwanza.

Siku ile ami alisema nami nipandishwe mara moja, nipate la kusimulia. Ilikuwa ndege ndogo ya tajiri ambaye mtoto wa ami alikuwa akimwendeshea. Shangazi akakusanya jamaa wakasimame nyuma ya waya na leso zao, watuone tukishuka.

Kabla hatujaruka, rubani wetu alinionyesha vile vya kukanyaga vya kuielekeza ndege.

"Ndege hii ina kigurudumu mkiani. Juu ni kazi ya mikono, chini ni kazi ya miguu. Ukilegeza kabla haijasimama, inakuzunguka kama mkokoteni uliopakiwa mzigo wote nyuma."

"Mkokoteni naujua."

"Ndiyo maana nikakupa mfano wa saizi yako."

Akacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Tulitua vizuri, wallahi, hilo simnyimi. Magurudumu yakagusa, mwendo ukaanza kupungua, upepo wa kusi ukitupiga ubavuni. Ndipo akaziona leso. Aligeukia dirisha lake mzima mzima, akainua mkono kuwapungia, na ile miguu aliyonisomea somo lake ikarudi chini ya kiti kama ya mtu aliyekaa barazani. Pua ikaanza kwenda kushoto.

"We, ndege!" nikamwambia.

Akakanyaga, akakanyaga kwa pupa. Ilikuwa imeshamtoka.

Wakaguzi wa ajali walipokuja, alisema ni upepo. Walipotaka kuniuliza mimi, ami akawajibia mlangoni mwa wodi: "Huyu bado hajajijua." Nilikuwa najijua. Namwona mgongo, namsikia kila neno, na mdomo umejaa dawa.

Nilipotoka hospitali nililisema hilo la miguu mbele ya jamaa wote. Shangazi akashika kiuno.

"Mwanangu, hicho kijicho kitakuua. Mwenzio kakutoa na roho yako, nawe wamsingizia?"

Wakamsomea dua ya shukrani, pilau ikapikwa. Wao wakazunguka sinia chini mkekani. Goti langu halikunjiki, kwa hiyo nikawekewa sahani kwenye kiti, pembeni, kama mgeni asiyejulikana atokako. Yeye alikatiwa nyama ya kwanza.

Sasa anaendesha ndege kubwa zaidi. Ikipita juu ya paa langu la Magongo naitazama mpaka inapotea, kisha naokota gongo langu la kutembelea. Magunia hayabebeki tena.

Kijicho ninacho. Lakini mwenye kijicho ndiye anayekutazama kuliko wote, na mimi siku ile nilikuwa nakutazama, mtoto wa ami. Njoo ukae penye sinia ile ile, shangazi yetu akiwapo, uwaambie miguu yako ilikuwa wapi. Nawe, ami, uwaambie nani alikutuma pale mlangoni. Mimi nitakuwa kwenye kiti changu, pembeni. Nijibuni.